Unyevu katika Nyumba ya Lampinen

Curt Sandness alikuwa mahabusu tangu Jumapili asubuhi, na Jumatatu alikuwa bado amevaa ovaroli yake ya kazi, ile iliyoshonwa jina kifuani. Alikuwa fundi wa mitambo ya joto, mtu wa miaka thelathini na minne, mpole kiasi cha kuudhi. Sajenti Verna Mesich alimwekea kikombe cha kahawa mezani, akawasha kinasa sauti, akafungua faili.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Elma Lampinen, miaka sabini na sita, alikutwa amekufa kitandani kwake Jumamosi saa kumi jioni, hapa hapa Korpi, mji mdogo wa mgodi, siku ambayo baridi ilifika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Daktari alisema ni kaboni monoksidi, ile gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo moto huitoa ukikosa hewa ya kutosha. Aliyemkuta ni mumewe, mzee Toivo, akirudi kutoka kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda. Na siku kumi na sita kabla ya hapo, Curt alikuwa amefunga mashine mpya ya unyevu kwenye tanuri linaloipasha joto nyumba hiyo.

Mwendesha mashtaka alitaka ripoti saa tisa alasiri. Kuua kwa uzembe, ndivyo alivyokwisha kuiita kwenye simu. Kwa Curt hiyo ilikuwa na maana ya jela, na hata akiikwepa jela, leseni ingekwenda na hakuna mtu wa Korpi ambaye angemfungulia mlango tena.

"Nieleze upya," alisema Verna. "Taratibu, kana kwamba sijawahi kuona mashine ya unyevu."

"Si unayo kwako? Nilikufungia mimi mwenyewe."

"Kinasa sauti hakina, Curt."

Curt alishusha pumzi. "Ni kisanduku tu. Kinakaa ubavuni mwa tanuri. Ndani kuna sponji, maji yanaidondokea, hewa ya moto inapita katikati, inabeba unyevu, inapanda nao vyumba vyote. Basi. Hakina moto, hakitoi gesi. Hata ukikiomba kiue mtu hakiwezi."

"Zimamoto wanasema moshi ulirudi ndani kutoka kwenye tangi la maji moto, lile lenye moto wa gesi chini yake. Wanadhani ulisogeza bomba lake la moshi upate nafasi ya kisanduku chako."

"Sikuligusa! Tangi liko hatua tatu kutoka kwenye tanuri, nililitaka la nini? Tanuri lao ni jipya, linavuta hewa yake nje kwa bomba lake na moshi wake linautoa nje kwa lingine. Tangi ndilo la zamani. Nililitazama, nikaliacha na uzee wake."

"Na king'ora cha gesi? Aila, binti yao, anasema kilikuwa kimechomekwa ukutani kule chini, na wewe ulikichomoa upate umeme wa drili yako."

"Drili yangu ni ya betri, Verna. Uliza mtu yeyote." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Kilikuwepo. Taa ya kijani inawaka. Nimeondoka nimekiacha kinawaka."

"Ulirudi tena kwao baada ya siku ile?"

"Sikurudi. Mzee alinipigia Jumatatu, tarehe tisa. Ananisema weee! Eti mashine yako kanyaboya, Elma bado anatoka damu puani kila asubuhi."

"Ukamjibu nini?"

Curt alikizungusha kikombe bila kunywa. "Nikamwambia mashine haina kosa, nyumba ndiyo inayovuja. Mashine inajaza, nyumba inamwaga. Nikamwambia atafute pale hewa kavu ya nje inapoingilia, apazibe." Akainua macho. "Madirisha, Verna. Madirisha na milango. Kila mtu hapa anajua."

"Ulisema madirisha?"

Fundi aliacha kukizungusha kikombe, na uso wake ukawa unabadilika polepole.

"Sikumbuki kama nililitamka," alisema.

Verna aliliandika hilo neno kwa neno, akazima kinasa sauti, akamwambia anywe kahawa kabla haijapoa.

Nyumba ya Lampinen ilikuwa Mtaa wa Tatu, ya mbao, rangi ya njano, na sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke, uani kama nyumba zote za Wafini wa upande ule. Zimamoto walikuwa wamelizima tangi la maji moto na kulizungushia utepe mwekundu, lakini tanuri waliliruhusu liwake, maana bila tanuri mabomba ya maji yangepasuka siku ile ile. Aila, binti wa pekee wa wazee hawa, ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mwalimu huko Duluth, amefika Jumamosi jioni, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Umeshamfungulia mashtaka?"

"Niruhusu niingie kwanza, Aila. Baridi hii itatuua sote."

Neno hilo lilimtoka tu. Aila hakulijali.

"Ingia. Vua viatu, usiniletee theluji ndani." Akashika fremu ya mlango, akaanza kulia, kwa sababu hilo lilikuwa neno la mama yake, na sasa limetoka kinywani mwake yeye.

Verna alivua viatu, akasimama na soksi kwenye zulia, akasubiri. Alikuwa amezoea kusubiri watu walie. Siku hiyo aliona vigumu kidogo, kwa sababu Elma alikuwa amempikia yeye mikate mitamu ya iliki kila Krismasi tangu utotoni.

Meza ya jikoni ilikuwa imejaa mabakuli ya viazi na nyama ya kuoka waliyoleta majirani, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini yake ili lirudi kwao. Hakuna lililoguswa.

"Mzee yuko wapi?"

"Gereji. Anapanga vyombo vyake vya uvuvi. Anavipanga tangu jana, anavitoa, anavirudisha. Mwache, Verna. Hajala, hajasema maneno kumi."

"Nitamwacha kwanza."

Alianzia madirishani. Vizingiti vya mbao vilikuwa vimevimba, rangi imefanya malengelenge, na chini ya kila kioo kulikuwa na doa la maji ambalo halijazeeka. Akapitisha kidole.

"Haya madirisha yalianza lini kutoa maji?"

"Mwezi huu huu. Mama alinipigia Jumapili ya tarehe kumi na tano, ananiambia madirisha yanalia machozi na yeye anacheka. Eti siku hizi tunaishi Florida, na baba yako nitamnunulia kaptula." Aila alijifuta. "Alikuwa na furaha sana. Wewe unajua Januari zake zilivyokuwa. Midomo imepasuka, kifua kikavu, kila mto una damu. Alikuwa anafua foronya kuliko hospitali."

"Tarehe ngapi zilikuwa mbaya, unakumbuka?"

"Sina haja ya kukumbuka. Tazama pale."

Kalenda ya duka la mbao ilikuwa imeshikizwa kwenye jokofu. Daktari ndiye aliyemwambia Elma aweke kumbukumbu, na Elma alikuwa mtu wa kutii akiambiwa vizuri. Kila siku pua ilipotoka damu aliweka kitone chekundu. Verna aliinama akasoma kwa kidole. Tarehe moja, kitone. Mbili, kitone. Tarehe tano, Alhamisi, kitone, na pembeni yake kwa penseli: *Curt, mashine*. Sita, saba, nane, tisa, kumi, vitone. Kumi na moja, hakuna. Kuanzia hapo miraba ilikuwa myeupe hadi mwisho, ila Jumamosi ya tarehe kumi na nne palikuwa na neno moja la penseli: *kichwa*.

"Jumamosi mama yako hufanya nini?"

"Kufua. Miaka hamsini anafua Jumamosi, ili watu wakitoka sauna jioni wavae nguo safi. Anafua, anakausha kwa mashine, huku supu ya samaki iko jikoni na feni ya jiko inanguruma mpaka huwezi kusikia redio. Baba humkimbia, anajificha ziwani."

"Kila Jumamosi?"

"Verna, mimi nilizaliwa Jumamosi. Aliacha nguo kwenye mashine, akaenda hospitali, akarudi akazianika."

Wote wawili walicheka kidogo, kisha wakaona aibu.

Verna alirudi kwenye kalenda. Jumamosi ya tarehe saba, mashine ya Curt ilikuwa na siku mbili. Elma alifua, alikausha, alipika, feni ilinguruma. Damu ilitoka asubuhi na kichwa hakikuuma. Jumamosi iliyofuata, mashine ile ile, nguo zile zile, supu ile ile. Damu hakuna, kichwa kinauma. Jumamosi ya tatu akafa. Kama kosa lingekuwa la tarehe tano, tarehe saba ingesema.

"Nini?" aliuliza Aila. "Umeona nini?"

"Kuna kitu kilibadilika tarehe kumi, baada ya asubuhi. Siyo tarehe tano."

"Curt alirudi?"

"Anasema hakurudi."

"Basi anasema uongo!"

"Ngoja nishuke chini," alisema Verna.

Chumba cha chini ya nyumba kilikuwa safi kuliko vyumba vya juu vya watu wengine. Bisibisi zilipangwa ukutani kwa ukubwa, na kila waya uliopita darini ulifungwa sambamba na mwenzake. Mzee Toivo alikuwa fundi umeme wa mgodi kwa miaka thelathini na tisa, na mkono wake ulionekana kila mahali.

Verna alivaa glavu, akaanza na soketi. Ilikuwa tupu. Ukutani juu yake palibaki alama ya mraba mahali ambapo king'ora kilikaa miaka mingi, na vumbi kwenye tundu za soketi lilikuwa bado jembamba. Siku chache tu, siyo wiki mbili na zaidi. Alipiga picha.

Akaenda kwenye tanuri. Kisanduku cha unyevu kilikuwa kimefungwa sawasawa, viungo vyake vyote vimezibwa kwa utepe wa rangi ya fedha, na Curt alikuwa ameandika kwa kalamu nzito tarehe ya kufunga na tarehe ya kubadili sponji. Kidhibiti cha unyevu kilikuwa kwenye asilimia thelathini na tano. Kwa baridi ya Jumamosi kilipaswa kuwa kumi na tano, maana baridi ikizidi nje unyevu hupunguzwa ndani, la sivyo madirisha hugeuka mito. Mtu alikuwa amekipandisha, na hakutaka kukishusha. Alipiga picha.

Kwenye tangi la maji moto alikaa zaidi. Juu yake, mahali bomba la moshi linapoanzia, vipete vya plastiki vya mabomba ya maji vilikuwa vimeyeyuka na kulala upande. Moshi wa moto ulimwagika hapo, na siyo mara moja. Lakini bomba lenyewe la bati halikuwa limesogezwa. Skrubu zake zilikuwa na kutu ya zamani, na vumbi la miaka lilikuwa juu yake bila alama ya kidole. Curt alikuwa amesema kweli. Bomba lilikuwa zima, tundu lake juu ya paa zimamoto walishalikagua, na bado moshi ulishuka chini badala ya kupanda. Moshi haushuki bila sababu. Kuna kitu kiliuvuta.

Hapo ndipo alipoitafuta ndoo.

Kila nyumba ya Korpi iliyokaguliwa miaka ya karibuni ina ndoo. Bomba laini la hewa, nene kama paja la mtu, hutoka ukutani na kushuka hadi ndani ya ndoo ya plastiki sakafuni, ili baridi inayoingia itulie humo isitambae chumba kizima. Hiyo ndiyo hewa ya nje ambayo moto wa tangi huivuta, na ambayo hujaza nafasi ya ile inayotupwa nje na mafeni. Watu wanaichukia ndoo hiyo. Unapasha nyumba joto kwa tanuri, halafu mahali pengine unaacha baridi iingie kwa hiari yako. Ya kina Lampinen ilikuwa nyuma ya gunia la chumvi ya kulainishia maji, ndiyo maana zimamoto waliokuja na vifaa vyao mgongoni hawakuiona.

Verna alisogeza gunia, akaweka kiganja juu ya ndoo. Hakusikia baridi yoyote. Akalala ubavu, akamulika na tochi.

Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa soksi ya sufu ya kijivu yenye mistari myekundu, ya kufumwa kwa mkono. Ilikuwa imeshindiliwa vizuri, kisha kuzungushiwa utepe mweusi wa umeme, mizunguko mitatu iliyolingana. Na mwisho wa utepe ulikuwa umekunjwa ndani, ukafanya kijisikio kidogo cha kushika.

Alikijua kijisikio kile. Mafundi umeme wa mgodini walikunja hivyo kila utepe, ili mwenzako atakayekuja kuufungua kwenye baridi, na glavu mkononi, apate pa kushikia. Baba yake Verna alikuwa mmoja wao. Alimfundisha akiwa na miaka kumi, kwenye taa za mti wa Krismasi. Curt alifunga kila kitu kwa utepe wa fedha na hakuwahi kukanyaga mgodini maisha yake yote.

Verna alikaa juu ya gunia la chumvi. Kwa dakika nzima alitamani mwenye kosa angekuwa Curt, na aliona aibu kwa kutamani hivyo. Kisha akapiga picha: ya ndoo, ya soksi, ya kijisikio. Soksi hakuitoa.

Ngazi zililia juu yake. Mzee Toivo alikuwa anashuka polepole, mkono mmoja ukutani, koti la ziwani bado mwilini.

"Mtoto wa Mesich," alisema. "Aila kasema uko huku. Umekuja kuitazama mashine?"

"Nimekuja kutazama kila kitu, mzee. Pole sana."

"Mm." Mfini akipewa pole hana jibu zaidi ya hilo. Alimsogelea, akaona gunia limesogezwa, na kitu fulani usoni mwake kikalegea, karibu kuwa tabasamu. "Ah. Umeiona soksi."

"Mzee Toivo, ngoja. Kabla hujasema neno..."

"Hiyo mimi. Usimwambie Curt, kichwa kitamvimba. Aliniambia nitafute pale hewa kavu inapoingilia. Nikazunguka madirisha yote, mazima, niliyaziba kwa plastiki mwenyewe mwezi wa kumi. Milango, mizima. Basi nikashuka hapa nikaweka mkono juu ya ndoo. Wewe! Inamiminika! Nikasema, kumbe mchawi ni huyu." Alikuwa anaongea haraka sasa, maneno mengi kuliko aliyosema siku mbili zote. "Soksi alinifumia Elma, ilitoboka kisigino. Nilimwonyesha nimeifanyia nini, akacheka mpaka akakaa. Na kesho yake, binti, kesho yake asubuhi akaamka mto mweupe. Pua safi. Alinishika masikio yote mawili akanibusu, pale jikoni, mchana, pazia wazi! Elma! Miaka hamsini na mbili na hajawahi kufanya hivyo pazia likiwa wazi."

Verna alitazama sakafu. Alikuwa amehoji wezi na wauaji, na hakuna hata mmoja ambaye yeye alishindwa kumtazama machoni.

Na mzee aliona kwamba hatazamwi. Akageuka. Alitazama ndoo, akatazama tangi na utepe wake mwekundu, akatazama vipete vya plastiki vilivyolala upande. Huko mgodini mafeni yote ya mtambo wa kusagia mawe yalikuwa mkononi mwake. Alijua feni ikitupa hewa nje, hewa nyingine lazima iingie mahali.

"Feni ya jiko," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na mashine ya kukaushia nguo."

"Ndiyo."

"Zote zinatupa nje. Na mimi nimeziba pa kuingilia." Aliinua kidole, kikafuata bomba la bati kutoka darini kurudi chini. "Zikaivuta kwa hapa. Zikauvuta moshi kwa hapa."

"Mzee, kaa chini."

"Alinilalamikia kichwa. Ile Jumamosi nyingine. Nikamwambia ni mafua, meza kidonge ulale." Akakaa kwenye ngazi ya mwisho. "Na juzi alilala, Verna?"

"Alilala. Daktari anasema alishikwa na usingizi akalala. Hakuhangaika."

Hilo lilikuwa kweli, na Verna alishukuru kwamba lilikuwa kweli, maana siku hiyo angeweza hata kudanganya.

Juu ya ngazi Aila alikuwa amesimama. Haikujulikana amesikia kuanzia wapi. "King'ora," alisema, sauti nyembamba. "Kingelia. Hata ungeziba matundu yote, baba, king'ora kingelia. Kiko wapi? Nani alikichomoa kama siyo Curt?"

Alikuwa anaomba, hakuwa anauliza. Alihitaji mtu mmoja wa nje abaki na hatia hata kidogo.

Mzee alimtazama. Kisha akainuka, akampita, akaenda gereji, nao wakamfuata. Vyombo vya uvuvi vilikuwa vimepangwa juu ya meza ya kazi: kekee ya kutobolea barafu, vijiti vya ndoana, ndoo ya chambo. Sanduku moja dogo la mbao lilikuwa pembeni, limefungwa.

"Hili sijalifungua tangu nirudi," alisema. "Kitambaa cha Elma kimo humu. Nilikuwa naogopa harufu."

Alifungua. Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha bluu, kimefungwa fundo kuzunguka kitu. Vidole vyake havikuweza fundo, Verna akamfungulia. Ndani kulikuwa na king'ora cheupe cha plastiki, kinachotumia betri kikichomolewa, na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, ikisema kila kitu ni salama.

"Ile Jumamosi ya kichwa kilikuwa ukutani, moshi haukutosha kukiliza. Jumamosi hii asubuhi alikiweka humu mwenyewe," alisema Toivo. "Nikamwambia, mama, nakwenda saa chache tu. Akasema, kibanda chako cha barafuni ni kidogo, mna jiko la gesi, mlango unafunga sana, na wewe unasinzia. Mimi huku nina nyumba nzima. Chukua, nisikae nikikuwaza." Akakigeuza mkononi. "Nikakitupia humo ili aniache. Huko ziwani sikukitoa hata sandukuni. Nikasahau kabisa."

Aila aliweka mikono yote miwili kinywani. Kisha akamwendea baba yake, akamkumbatia na koti lake lote la ziwani, na mzee akasimama tu mikono chini, hajui aifanyie nini.

Verna aliwaacha. Alirudi jikoni, akaketi kati ya mabakuli ya majirani, akafungua fomu. Ilikuwa saa saba na nusu. Baada ya muda mzee aliingia, amevua viatu mlangoni.

"Itabidi niandike, mzee. Vyote."

"Andika."

"Mwendesha mashtaka atataka kuongea na wewe. Sijui ataamua nini. Mimi nitamwambia ninachoamini, kwamba hakuna kesi hapa. Lakini neno la mwisho ni lake."

"Aamue anavyotaka." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Yule kijana aende kwao leo. Asilale tena pale hata saa moja kwa ajili yangu. Na mwambie..." Alitafuta maneno, hakuyapata. "Mwambie mashine yake ni nzuri. Nilimtukana kwenye simu."

"Nitamwambia."

Verna aliandika. Aliandika ndoo, soksi, utepe, vipete vilivyoyeyuka, feni mbili, king'ora. Maneno yalikuwa mafupi na yote yalikuwa sahihi, na alichukia kila moja. Alipofika mwisho akamgeuzia mzee karatasi aweke sahihi.

Toivo hakuichukua kalamu. Alikwenda kwenye jokofu, akaitoa kalenda, akailaza mezani juu ya fomu. Aliweka kidole chake kinene kwenye mraba wa tarehe kumi na moja, akakisogeza mmoja baada ya mwingine, midomo ikitikisika, mpaka ishirini na moja.

"Kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja hakutoka damu hata tone. Hata Jumamosi ile asubuhi, mto mweupe. Nilitazama mwenyewe." Akamtazama Verna, na sasa ndipo machozi yalipokuja. "Andika na hilo."

Fomu haikuwa na mahali pa jambo kama hilo. Verna aliugeuza ukurasa, akaliandika nyuma, tarehe moja moja, na mzee akasimama pale akimsomea.